Ukijifungua Utaona

Wifi yangu ni fundi cherehani. Tumbo lake lilipofika miezi mitano, alianza kumwita mwanawe wa darasa la pili amtungie uzi kwenye sindano ya mkono. Mtoto anatunga, anarudi kucheza. Kidogo anaitwa tena. Siku ya tatu akachoka: "Kwani mama, wewe huoni?" Barazani tukacheka wote, na mama yangu, ambaye ndiye mkwe wake, akatoa hukumu: "Ni mimba tu hiyo. Ukijifungua utaona."

Wifi alikuwa na sukari miaka sita kabla ya mimba ile. Nyumba nzima tulijua. Chai yake tulikuwa tunamtengea kikombe chake. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha kikombe kile na sindano ile.

Mwezi uleule akaipata hukumu ileile kliniki ya wajawazito, safari hii kutoka kwa mtu aliyevaa sare. Akapita duka la miwani, akapimwa kwa kusoma herufi ukutani, akauziwa miwani. Ilimsaidia wiki mbili.

Neno "utaona" lina ncha mbili katika Kiswahili chetu. Mama akimwambia mtoto mkaidi "utaona", hamwahidi macho mazuri. Naomba tuisikie ncha hiyo ya pili kila tunapomwambia mjamzito mwenye kisukari asubiri ajifungue, maana kwake kitisho ndicho kinachotimia mara nyingi kuliko ahadi.

Imani hii haikuzuka hewani, na niseme hivyo mapema kabla shangazi zangu hawajaniandama. Mimba kweli hubadilisha macho. Mwili wa mjamzito hutunza maji, na kioo cha mbele cha jicho nacho huvimba kidogo, hivyo miwani ya zamani ikaacha kumkaa na maandishi yakacheza. Mtoto akizaliwa, baada ya wiki kadhaa mambo hurudi yalivyokuwa. Ndiyo maana wapimaji waangalifu humwambia mjamzito asikimbilie miwani mipya. Mama yangu alizaa watoto watano, akaona ukungu kwenye mimba mbili, na ukungu ukaondoka. Hakusema uongo. Kosa lake ni kumpa mwenye sukari ushuhuda wa mwili usio na sukari.

Nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba inayopokea picha, retina, nayo hunyweshwa na mishipa ya damu myembamba mno. Sukari ikikaa juu miaka mingi, kuta za mishipa hiyo hulegea. Mingine hutoa vijivimbe, mingine huvuja maji na mafuta, mingine huziba kabisa. Sehemu iliyonyimwa damu huita mishipa mipya, na mishipa hiyo ya dharura huota vibaya, dhaifu, ikapasuka na kumwaga damu ndani ya jicho. Hapo ndipo mtu huona nzi weusi wanaoelea, nyuzi, au pazia linaloshuka upande mmoja. Hadi kufika huko huenda hakusikia maumivu hata siku moja, na pengine alikuwa anasoma meseji zake vizuri tu.

Sasa ongeza mimba. Damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, moyo husukuma kwa nguvu zaidi, homoni na vichocheo vya ukuaji hujaa. Mkazi wa Dar es Salaam anayejua mgao wa maji atanielewa: mabomba machakavu ya mtaa huvumilia maji yakiwa ya kudondoka, siku maji yanapofunguliwa kwa kishindo ndipo viungio vinapofumuka. Bomba lilikuwa bovu tangu zamani. Maji yamelifichua tu.

Haya si maneno ya barazani. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia macho ya wanawake 155 wenye kisukari kinachotegemea insulini, tangu mimba changa hadi baada ya kujifungua. Kwa walioanza na retina safi, kama 10 katika kila 100 walipata madhara. Kwa walioanza na madhara ya wastani hadi makubwa, zaidi ya nusu walizidiwa, na 29 katika kila 100 wakafikia ile hatua ya kuota mishipa mipya. Yote hayo ndani ya ile miezi tuliyoambiwa tusubiri. Tazama vizuri tofauti ya makundi hayo mawili. Kilichoyatenga ni hali ya retina siku ya kwanza, na hali hiyo haijulikani mpaka mtu amwekee mama matone ya kupanua mboni na kuchungulia, au ampige picha ya nyuma ya jicho. Herufi za ukutani haziioni.

Kutoka hapo huzaliwa uvumi mwingine ambao ni mtoto wa imani hii: kwamba insulini inapofusha. Nimeusikia Tanga, nimeusikia Moshi, nimeusikia kwenye daladala. Hadithi yake huwa moja. Fulani alikuwa anaona, akashika mimba, akaanzishiwa sindano, macho yakaenda. Mashahidi hawadanganyi, mfuatano wa matukio ndio uliowapotosha. Mwanamke anaingia kwenye mimba sukari ikiwa juu muda mrefu, retina yake imekwisha kuumia na hakuna aliyeitazama. Insulini inashusha sukari haraka, kwa sababu mtoto tumboni anaihitaji ishuke. Na hapa pana jambo ambalo wataalamu wetu hulinong'ona badala ya kulisema: sukari iliyokaa juu kwa miaka ikishuka ghafla, retina iliyoumia inaweza kuzorota kwa muda kabla ya kutengemaa. Utafiti uleule wa 1995 ulikuta kwamba waliozidiwa zaidi ni wale walioanza na sukari ya juu kabisa na wale ambao sukari yao ilishuka kwa kishindo.

Basi tuache sindano? Hapana, na jibu hilo lina ushahidi. Katika utafiti mkubwa wa kisukari wa Marekani na Kanada, wanawake 180 walibeba mimba 270. Mimba iliongeza hatari ya macho kwa wote, lakini iliiongeza zaidi kwa waliotibiwa kwa ulegevu kuliko kwa waliobanwa sukari kisawasawa. Kuacha sukari juu kunamuumiza mama na kunamuumiza mtoto. Macho yangetazamwa mwanzoni, sukari ikashushwa huku yakichunguliwa, insulini isingebebeshwa kesi isiyo yake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba "subiri ujifungue" huvaa pia joho la tahadhari. Nimesikia ikielezwa kwa sauti ya upole kabisa kwamba mjamzito hatibiwi macho, kwamba leza itamdhuru mtoto. Leza ya retina ni mwanga unaoelekezwa kwenye jicho. Haufiki tumboni. Inafanywa kwa wajawazito, na wenye mishipa mipya hawapaswi kusubiri. Kinachoepukwa, hasa miezi ya mwanzo, ni zile dawa zinazochomwa ndani ya jicho kuzuia mishipa kuota, na ile rangi inayodungwa mkononi ili kupiga picha ya mishipa. Dawa mbili zina shaka, na sisi tumefunga duka zima.

Wapo pia wanaokuja na shauri la pili, na mara nyingi ni walewale waliotoa la kwanza: mwenye sukari na macho mabovu angeacha kuzaa. Zamani shauri hilo lilikuwa na mantiki yake. Priscilla White, daktari wa Boston aliyewapanga wajawazito wenye kisukari kwa madaraja mwaka 1949, alitazama miaka ya ugonjwa pamoja na mishipa, ya macho ikiwamo, na wakati huo leza haikuwapo duniani. Leo ipo. Katika utafiti ule wa mimba 270, mwishoni macho ya waliozaa hayakuwa mabaya kuliko ya wasiozaa. Kumwambia mwanamke wa leo asizae kwa sababu hatutaki kumpiga picha ya jicho ni uvivu. Ushauri wa kweli ni mgumu zaidi: apange mimba, macho yatazamwe kabla, na kama yanahitaji leza apigwe kwanza.

Nisije nikawatia hofu wasiohusika. Kisukari cha mimba chenyewe, kile kinachojitokeza katikati ya ujauzito na kuondoka baada yake, hakikai mwilini muda wa kutosha kuharibu retina. Mwenye nacho hahitaji msafara wa madaktari wa macho. Ila nchini mwetu neno hilo limegeuka gunia, tunatia kila kitu. Mwanamke ambaye hajawahi kupimwa sukari maishani anapimwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ya wiki 10, inakutwa juu sana, anaandikiwa kisukari cha mimba. Nani amemwambia aliyemwandikia kwamba sukari ile haikuwapo miaka mitano iliyopita? Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2012 ulikuta kisukari kwa takriban mtu mzima mmoja kati ya 11, na wengi wao hawakuwa wanajijua. Mwanamke wa namna hiyo ndiye ambaye macho yake yanahitaji kutazamwa, naye ndiye anayeambiwa kwa uhakika mkubwa kuliko wote kwamba kila kitu kitaondoka na kondo la nyuma.

Uingereza mwongozo wao ni mfupi. Mwenye kisukari cha kabla ya mimba hutazamwa retina anapoanza kliniki, na tena wiki ya 28. Akikutwa na dalili mwanzoni, huongezewa kipimo kati ya wiki ya 16 na 20. Hayo ni mahudhurio mawili au matatu tu. Kadi yetu ya kliniki ina nafasi ya uzito, presha, wekundu wa damu, mkojo, kaswende, VVU. Nimeigeuza mbele na nyuma kadi ya wifi, jicho sikuliona. Mkunga mwenye foleni ya wanawake 60 hawezi kukumbuka kisichoandikwa, simlaumu. Upande wa pili, kliniki ya macho inamwona mwanamke mwenye tumbo na kumhesabu kuwa mgonjwa wa wakunga. Kila mlango unamwelekeza kwenye mwingine, na kwenye korido katikati kuna benchi, na kwenye benchi ndiko anakosubiri ajifungue.

Uwezo hatujaukosa kabisa. Hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikipiga picha za retina za wagonjwa wa kisukari wa mkoa wa Kilimanjaro tangu mwanzoni mwa muongo uliopita, kwa kamera inayosafirishwa hadi kliniki za kisukari wilayani. Picha yenyewe ni ya dakika chache. Matone yanatia ukungu saa kadhaa, basi mtu aende na msindikizaji. Najua nauli ni tatizo, najua leza haipo kila mkoa. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza wiki ya 8 badala ya ya 30: anayehitaji miezi miwili kutafuta nauli apewe miezi miwili.

Kuna dalili moja ambayo haisubiri hata wiki. Mjamzito yeyote, mwenye sukari au asiye nayo, akiona vimulimuli ghafla au giza huku kichwa kikimgonga, hiyo inaweza kuwa presha inayoelekea kifafa cha mimba. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, usiku ukiwa usiku. Huko "ni mimba tu" haichukui jicho peke yake.

Wifi alipelekwa kwa daktari wa macho mwezi wa saba. Aliyempeleka ni jirani, muuza maandazi mwenye sukari miaka 15, aliyemuuliza swali ambalo sisi wenye shule zetu hatukuuliza: "Sukari yako ni ya mimba hii au umekuja nayo?" Alipigwa leza mara kadhaa, akilalia ubavu nyumbani baada ya kila safari, mama yangu akimpepea kimya. Binti alizaliwa salama. Jicho la kulia lilinusurika. La kushoto lina kivuli katikati, na daktari alisema lingeweza kuwa na hali nyingine kama lingefika wiki ya kumi.

Kadi ya mtoto itamfuata hadi miaka mitano, uzito, chanjo, matone ya vitamini A. Mahudhurio ya mama yaliishia siku ya 42. Hatari ya macho yake, kwa ule utafiti wa mimba 270, inaweza kuendelea hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua. Tarehe zake za macho kwa hiyo tuliziandika wenyewe, kwa kalamu, nyuma ya kalenda ya jikoni.

Yule mwanawe sasa yuko darasa la nne. Kila asubuhi kabla ya shule anatunga sindano 12, nyeupe mbili, nyeusi mbili, nyingine kwa rangi ya kazi ya siku hiyo, anazichomeka kwenye mto mdogo kando ya cherehani. Haulizi tena.