Picha ya Tufani na Ukweli wa Taarifa Zetu

Ndugu askari na polisi, leo tunapenda kuzungumzia picha. Asiharakishe mtu kugeuza ukurasa akidhani kwamba picha ni mambo ya wasio na kazi.

Mwaka 1842 mchoraji Mwingereza, J. M. W. Turner, aliyekuwa na umri wa miaka 67, alionyesha mjini London picha ya rangi za mafuta. Ilihusu merikebu ya moshi iliyokumbwa na tufani ya theluji karibu na mlango wa bandari. Si picha kubwa: kimo chake ni sentimita 91 na upana sentimita 122. Siku hizi ni mali ya jumba la Tate.

Atakayeitazama kwa mara ya kwanza hataiona merikebu upesi. Ataona mawimbi, moshi na theluji vikizunguka pamoja, hata mbingu haitengani na bahari. Katikati pana weusi wa chombo, mlingoti mwembamba na mwanga mweupe. Baadhi ya wahakiki wa siku zile waliicheka, wakaifananisha na povu la sabuni na chokaa. Inasimuliwa kwamba Turner alijibu kuwa hakuichora ili ieleweke, bali aonyeshe hali ilivyokuwa.

Sisi twasema kwamba hapo Turner alikuwa na haki. Askari wetu wengi hawajaiona bahari, lakini waliokaa doria ziwani usiku wa dhoruba wanajua kwamba hatari haina umbo lililonyooka. Katika chuo cha maofisa tulifundishwa kuchora mapigano kwa mishale: wa buluu kwa majeshi yetu, mwekundu kwa adui. Hatuilaumu ramani; bila ramani kamanda ni kipofu. Lakini sisi ambao kazi yetu ni kuwaandikia wananchi habari za jeshi tumeizoea mno mishale hiyo. Katika taarifa zetu kila amri husikika, kila kikosi husonga kwa mpango, wala hapotei mtu gizani.

Matokeo yake ni nini? Kuruta aliyelelewa kwa taarifa hizo, siku anapofika penye moshi asimwone mwenzake wa kushoto wala wa kulia, hudhani ni yeye peke yake aliyebabaika. Huona haya, akanyamaza; na kunyamaza huko kwaweza kumwua au kuwaponza wenzake.

Hata hivyo picha hii ina kasoro mbili. Kwanza, katika jina refu alilolipa, Turner aliandika kwamba merikebu ilikuwa ikitoa ishara na kupima kina cha maji kwa bildi. Basi palikuwapo baharia aliyeitumbukiza kamba majini na kutaja kipimo, ili nahodha asipande mwambani. Huyo hatumwoni. Turner ametupa tufani nzima, akamficha mtu aliyefanya kazi yake ndani yake. Kwa askari hilo ni pungufu kubwa, maana hofu bila wajibu ni nusu ya habari.

Pili, Turner alidai kwamba alikuwamo katika tufani hiyo, tena inasimuliwa kwamba alisema alifungwa mlingotini kwa saa nne. Wataalamu wamepekua, wala hawakupata ushahidi wa kuthibitisha safari hiyo. Picha ingalikuwa na nguvu ile ile bila dai hilo. Anayesema "nilikuwapo" na awe alikuwapo. Nasi waandishi wa taarifa, ambao mara nyingi tuko ofisini, tusijifunge kwenye mlingoti wa wengine. Yafaa tuwaulize waliokuwapo, tuandike walivyoona.

Watakuwapo watakaosema kwamba ukweli wa namna hii utavunja moyo wa majeshi. Hatukubali. Siri za kijeshi hapana budi zilindwe, lakini hofu si siri ya kijeshi. Kila askari anayo, hata adui anajua. Kinachofaa kuelezwa ni kwamba katika giza lile lile mmoja alipima kina, mwingine akatoa ishara, na chombo kikaendelea. Kuruta akilisoma hilo mapema, siku yake itakapofika atapaza sauti, aulize mwenzake yuko wapi.