Baiskeli ya umeme si baiskeli tu

Askari aandikaye taarifa ya ajali huenda akadhani kazi yake huishia mahakamani. Sivyo. Huko Marekani, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, orodha ya alama za maradhi na majeraha itumiwayo mahospitalini imemtenga mwendeshaji wa baiskeli ya umeme. Kabla ya hapo aliweza kuhesabiwa pamoja na wenye baiskeli za kukanyaga, au pamoja na wenye pikipiki. Sasa yumo katika fungu la pikipiki, lakini kwa alama yake mwenyewe: akigongana na motokaa barabarani huandikwa V23.41, ilhali mwenye pikipiki ya kawaida huandikwa V23.49. Tarakimu moja tu!

Nami nasema tarakimu hiyo yamtegemea polisi kuliko daktari. Daktari huuona mguu uliovunjika. Chombo hakioni, kimebaki mtaroni. Majeruhi aliyezimia hana la kueleza, na karani wa hospitali haruhusiwi kubuni. Je, palikuwa na mota? Aliyeumia aliendesha au alipakiwa? Aligongana na nini, na ilikuwa barabara ya umma? Aliyekuwapo ni askari. Akitaja “baiskeli” peke yake, na daktari akaandika alivyoambiwa, majeruhi huangukia mafungu ya V10 hadi V19, kana kwamba alikuwa akikanyaga kwa miguu tu, na kumbe baadhi ya vyombo hivyo husukumwa na mota hadi kilomita 45 kwa saa. Watunga sheria za mwendo huletewa hesabu hiyo hiyo.