Tabibu Asitazame Jino Peke Yake

Mji wa Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ni kituo cha magari makubwa yaendayo na kutoka kusini mwa Afrika. Dereva aliyekwama kwenye foleni, mfanyabiashara aliyevuka kutoka Nakonde, kijana mpakiaji mizigo: wote hao, jino likiwauma, humwendea tabibu kwa haraka. Wataka ling'olewe, waondoke. Mara nyingi hilo ndilo wanalotendewa, na hapo ndipo penye kasoro.

Kinywa hutangulia kusema. Utando mweupe unaokwanguka na kuacha wekundu, mistari myeupe isiyokwanguka ubavuni mwa ulimi, mabaka ya zambarau kwenye kaakaa, fizi zinazooza ghafla: dalili hizi zaweza kuonyesha kwamba VVU vimekwisha kudhoofisha kinga ya mwili. Zaweza, si lazima. Utando huo huwapata pia wenye kisukari, watoto wachanga na waliotumia viuavijasumu. Kwa hiyo tabibu hana ruhusa ya kuhukumu kwa macho. Wajibu wake ni kushauri kipimo.

Kwa mtumiaji wa heroini mambo ni magumu zaidi. Dawa hiyo huficha maumivu, naye hukaa na mashina ya meno yaliyooza pasipo kulalamika. Siku anapoiacha, maumivu yote humrudia kwa pamoja, na asipotibiwa meno huenda akairejea. Matibabu ya methadoni yapo Mbeya, kiasi cha kilometa 100 kutoka Tunduma. Nayo hukausha mate, hivyo meno yadai uangalizi zaidi. Kumkaripia mgonjwa wa namna hii ni kumfukuza. Barua ya rufaa ingemfaa kuliko mahubiri.

Lakini nani atafungua kinywa chake mahali ambapo siri haikai? Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 yataka kipimo kifanywe kwa hiari na majibu yawe siri. Sheria hiyo yamhusu karani wa mapokezi sawasawa na daktari. Mwalimu naye, aonapo vidonda mdomoni mwa mwanafunzi, amwelekeze kituoni bila kulipeleka jambo hilo kwenye chumba cha walimu.

Halmashauri nazo zihakikishe kwamba kipimo kinapatikana jengo lile lile, saa ile ile. Dereva anayeambiwa arudi kesho, kesho atakuwa njiani kwenda Lusaka.