Tusijenge Pahali Ziwa Litarudi



Sisi wa darasa la mwisho tuko na neno juu ya kujenga kandokando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2021, tena mwaka 2024, maji yalipanda, yakaingia mu nyumba za watu huko Uvira na Kalemie. Wengi walishangaa. Lakini wazee wanajua: hata mwaka 1964 ziwa lilipanda sana. Kisha likashuka polepole, na watu wakajenga pale palipokauka.

Sababu ni nini? Mito mingi inaingia mu ziwa, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie. Mvua ikizidi miaka na miaka, maji hayapati njia ya kutoka upesi.

Wengine watatuuliza: masikini atajenga wapi? Parseli ya pale ndiyo mfuko wake unaweza. Ni kweli. Ndiyo maana tunaona kosa la kwanza si la mnunuzi. Ni la yule anayempimia parseli akijua. Yeye hapotezi hata bati moja.

Basi tunaomba wakubwa wa mji: alama ya maji ya 2024 ipakwe rangi mu kila kartie, kusudi mnunuzi aione mbele ya kutoa franka zake. Chini ya alama ile tulime mboga, tuanike samaki, lakini tusilaze watoto. Ziwa likishuka halijahama. Limeenda kutembea tu, litarudi kwake.

Kapita wa wanafunzi