Mafunzo ya kujitolea yaanze na mteja

Makanisa ya Kagera yamekuwa yakipokea watu wa kujitolea kutoka nje kwa zaidi ya karne moja. Wamisionari Wakatoliki walifungua kituo cha Kashozi mwaka 1892, na wale wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910. Siku hizi wengi ni vijana. Tangu mwaka 2008 Serikali ya Ujerumani, kupitia mpango wa weltwärts, imekuwa ikigharamia vijana wa miaka 18 hadi 28 kujitolea katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, kwa miezi 6 hadi 24. Mashirika ya kanisa ni miongoni mwa wanaowatuma na kuwapokea.

Misaada ya namna hii inapoelekezwa kwenye ushonaji, useremala au biashara ndogo, ni jambo jema. Tatizo ni kwamba mara nyingi hesabu huanzia kwa mwalimu aliyepatikana, wala si kwa mteja atakayenunua.

Tuchukue mfano wa Rubafu, kata ya kando ya Ziwa Victoria inayotegemea ndizi, kahawa na samaki. Tuseme mabinti 10 wamefundishwa kushona, na cherehani moja ni Sh350,000. Ikiwa kila sare ya shule inaacha faida ya Sh5,000, binti mmoja lazima ashone sare 70 kurudisha fedha ya cherehani tu. Kwa wote 10 ni sare 700, kabla hajala hata mmoja. Wakigombania shule zilezile, bei itashuka na faida itakwisha. Anayefuata atafunga virago kwenda Mwanza.

La pili ni kalenda. Ada zilifutwa mwaka 2016 lakini sare bado ni ya mzazi, na huhitajika zaidi Januari. Fedha ya kahawa huanza kuingia baada ya mavuno kuanza Mei. Fundi asiye na akiba ya kununua kitambaa mapema, au mteja asiyeweka akiba, wote wawili watakwama.

Hapo ndipo kuna la kujifunza kutoka Kolping, chama cha Kikatoliki ambacho makao yake makuu ya Tanzania yako Bukoba. Mwanzilishi wake, Padri Adolph Kolping wa Ujerumani, alikuwa fundi viatu kabla ya upadri. Chama alichokianzisha mjini Cologne mwaka 1849 kiliwaweka mafundi vijana pamoja, wakasaidiana. Kundi linabaki hata mgeni akiondoka.

Kwa hiyo parokia au usharika unaotarajia mgeni ufanye mambo manne. Kwanza, uhesabu wateja: mitumbwi mingapi ina injini, nyumba ngapi zina umeme wa jua, shule ngapi hazina fundi wa madawati. Pili, uchague fani mbili au tatu tofauti badala ya kujaza darasa moja. Tatu, mgeni afundishe pamoja na fundi wa kijijini atakayebaki. Nne, wanafunzi waunde kikundi cha akiba siku ya kwanza, si siku ya mahafali.

Kikundi kina faida nyingine. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, isiyo na riba, ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mgawo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Aliyejifunza nje ya chuo naye anaweza kuomba VETA impime na kumpa cheti kwa ujuzi alionao.

Zawadi nazo ziangaliwe. Kontena la nguo za bure linalofika pamoja na mwalimu wa ushonaji linamnyang'anya mwanafunzi wake mteja wa kwanza.

Mgeni akiuliza alete nini, aonyeshwe kwanza orodha ya wateja.