Nani Mtunzi wa Nyimbo za Liyongo?

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyeko Thika au Ruiru, mbali na Pate na Lamu, humpata Fumo Liyongo kitabuni. Hazisikii nyimbo zikighaniwa na wazee; husoma jina lililopigwa chapa, akaliamini. Katika insha zake huandika bila kusita: "Liyongo asema."

Kauli hiyo yahitaji kuchunguzwa. Utenzi mashuhuri wa Fumo Liyongo uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Humo Liyongo ni mhusika, si mtunzi. Ama nyimbo zinazodaiwa kuwa zake, zilitufikia kwa vinywa na miswada ya watu wa baadaye. Ndiyo maana jopo la wataalamu, wakiwemo Abdilatif Abdalla na Ahmed Nabhany, lilipozichapisha mwaka 2004, lilizitaja katika anwani ya kitabu kuwa mashairi yanayonasibishwa naye.

Je, shaka hiyo yamvunjia Liyongo heshima? La hasha! Dhammapada, diwani ya beti 423 zinazonasibishwa na Buddha, nayo ilipokezanwa kwa mdomo kabla ya kuandikwa, na wasomaji wake hawajaacha kuienzi. Uzito wa shairi hautegemei sahihi ya mtunzi. Kinyume chake, kumbandika mtu mmoja nyimbo zote huenda kukawafuta malenga wengine waliozitunga.

Hapana budi, basi, walimu na wanafunzi waandike "yanayonasibishwa na Liyongo." Ni neno moja tu, lakini ndilo linalotenga uhakiki na mazoea.