Sukari itolewe sufuriani, iwekwe mezani
Vikitajwa vitamutamu, wengi wetu tunaoishi Meru na Embu hufikiria keki ya arusi, au halua na kashata za watu wa pwani. Kisha tunajipa moyo kwamba jambo hilo halituhusu, kwa kuwa si desturi yetu kumalizia mlo kwa kitu kitamu. Kwa maoni yangu, tunajidanganya. Vitamutamu vyetu sisi tunavinywa.

Zamani utamu ulikuwa na msimu wake. Asali ya Mbeere na Tharaka ilitoka katika mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, wala haikuliwa ovyo. Ilikuwa sehemu ya mahari, na nyingine ilichachushwa ikawa muratina ya wazee. Mapera na ndizi mbivu tuliyala jinsi yalivyo, pamoja na nyuzinyuzi zake ambazo huifanya sukari iingie mwilini polepole. Kule Kuba, nchi ambayo kwa miaka mingi ilitegemea kuuza sukari, mapera hayo hayo hupikwa kwa sukari nyingi hadi yagande, kisha yakaliwa na jibini. Sisi tuliyachuma mtini na kuyatafuna.

Siku hizi utamu hauna msimu. Chai huchemshwa pamoja na maziwa na sukari katika sufuria moja, ikatiwa kwenye chupa, na kila anayeingia nyumbani hukabidhiwa kikombe. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu anazopata mtu kwa siku. Kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Likaongeza kwamba nusu ya hapo ni bora zaidi. Basi, msomaji, piga hesabu. Vikombe 4 vya chai, kila kimoja na vijiko 3, vimekwisha kukufikisha ukomo. Ukiongeza soda moja ya mililita 300, umejiongezea karibu vijiko 8.

Huko Maua na Nyambene kwa jumla kuna jambo jingine. Watafunaji wa miraa huondoa uchungu kwa soda, peremende na ubani. Miraa hukausha mate, na mate ndiyo kinga ya meno. Kinywa kikavu kilichojaa sukari kwa saa nyingi hakiachi jino salama.

Simaanishi kwamba kila anayelamba sukari atapata kisukari. Ugonjwa huu una sababu nyingi, zikiwemo urithi, unene na kutofanyisha mwili kazi. Hata hivyo, vinywaji vitamu huongeza uzito upesi kwa sababu havishibishi, na kwa aliyekwisha kuugua, kila kikombe ni pigo. Ugonjwa usipodhibitiwa huharibu macho, figo na miguu.

Mgonjwa wangu mmoja, mzee wa makamo, aliniuliza: "Daktari, nitamwambiaje mkaza mwanangu kwamba sitaki chai yake? Ataona ninamkataa yeye." Swali hilo lina uzito kuliko dawa nyingi ninazoandika. Kwetu, kilo mbili za sukari ni zawadi ya heshima kwa wakwe, na anayekwenda kumwona mgonjwa wodini hubeba soda au juisi, hata kama mgonjwa mwenyewe amelazwa kwa sababu ya kisukari. Sukari imekuwa lugha ya upendo, na kuikataa huonekana kuwa dharau.

Ndiyo maana sioni faida ya kuwakaripia wagonjwa pekee. Anayepika ndiye anayeamua. Chai na ichemshwe bila sukari, kibakuli kiwekwe mezani, na kila mtu ajitilie anavyotaka. Mgeni hatanyimwa kitu, na mgonjwa hatalazimika kujieleza mbele ya watu. Zawadi ya wodini iwe maziwa ya mala, mayai au mboga, baada ya kumwuliza muuguzi. Keki ya arusi ibaki arusini, ambako haina hatia kubwa.

Wako watakaosema waihame sukari watumie asali. Asali ni tamu na ina heshima yake, lakini sehemu yake kubwa ni sukari vilevile, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa. Mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kisukari naye aelewe kwamba akianza kutetemeka na kutokwa jasho kwa sukari kupungua, anahitaji kitu kitamu mara moja.

Endapo una kiu isiyokwisha, unakojoa mara kwa mara, unakonda bila sababu au una kidonda kisichopona, nenda ukapimwe. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, daktari atakirudia ili kuthibitisha. Wengi hawana dalili yoyote, kwa hivyo aliyevuka miaka 40, au mwenye mzazi aliyeugua, asingoje kuumwa.

Jioni ya leo chai itakapotengwa, na tuanze na sufuria.